Kucha Nne za Waisiko

Kucha za mkono wa kulia wa Waisiko zilikuwa zimefika urefu wa kusemwa. Si zote. Ukucha wa kidole cha mwisho ulikatwa safi kama wa mtu yeyote, na mkono wa kushoto wote ulikuwa na adabu zake. Ni zile nne tu, kuanzia gumba hadi kidole cha pete, zilizoota kipindi chote cha masika bila kuonja wembe, na mwenyewe akizitunza kuliko alivyotunza viatu.

Mahali pengine angechekwa, mambo yakaisha. Lakini hii ilikuwa Nyamongo, mwaka wa tisini na mbili, watu wamemiminika kutoka kila upande kufuata dhahabu na vilima vimetobolewa mashimo ambayo wachimbaji huyaita maduara. Waisiko alikuwa mwoshaji wa duara la Mama Efrazia. Mawe yakishapondwa yakawa unga, yaliteremshwa mwaloni, kwenye maji, na yeye ndiye aliyekaa na karai la mwisho, akikoroga mchanga na zebaki mpaka vumbi la dhahabu likusanyike. Kazi hiyo hapewi mtu hivi hivi. Hupewa yule ambaye wenzake ishirini wanaweza kumpa mgongo wakanywa chai.

Habari ya kucha ilianzia kwa Bruda Anselmo, Mhispania mfupi aliyekuwa akichimba visima vya maji Kisaka, upande wa Serengeti. Waisiko alimshikia mabomba miaka minne. Jioni Bruda alitoa gitaa akapiga muziki wa kwao, flamenko, nao ulimshangaza Waisiko kwa sababu haukuwa na haraka ya kumfurahisha mtu. Magitaa aliyoyajua yeye, ya bendi za Sirari na ng'ambo ya mpaka, yalikuwa ya kuchezesha. Hili lilizungumza, likanyamaza, kisha likagomba. Bruda alipougua na kuitwa kwao, alimwachia gitaa, kaseti moja na daftari, akamwambia muziki huu hupigwa kwa kucha: ukikata kucha, umekata sauti.

Miaka miwili gitaa likakaa ukutani, maana dhahabu haimpi mtu nafasi. Kisha ikaja masika ile ya mvua nyingi. Duara likajaa maji, watu wakatawanyika, na Waisiko na mkewe Philomena wakarudi kwao Susuni kupalilia mahindi. Huko, mvua ikimfungia ndani, Waisiko akalishusha gitaa, akafuta vumbi, akaanza kufuga kucha.

Hesabu ndiyo iliyomtesa kwanza. Wimbo wa Bruda kwenye ile kaseti ulikwenda kwa hesabu ya kumi na mbili, na uzito wake ulianguka pale usipoutegemea: kwenye tatu, sita, nane, kumi, na mwisho kumi na mbili. Waisiko alihesabu kwa Kiswahili akapotea, akahesabu kwa Kikurya akapotea zaidi. Siku moja, mkono ukiwa umechoka, akakumbuka ng'ombe wa baba yake.

Walikuwa kumi na wawili. Kila jioni mzee alisimama langoni pa zizi akiwahesabu wakiingia. Wa tatu alikuwa na kengele, wa sita kengele, wa nane na wa kumi vilevile. Wa kumi na moja alipita kimya. Wa kumi na mbili alikuwa jike zee linalochechemea. Huyo ilibidi asubiriwe, na akifika mzee aligonga nguzo ya lango kwa fimbo, ko, akafunga zizi. Waisiko alipokuwa na miaka kumi na saba wezi wa mifugo walikuja wakawaswaga wote kumi na wawili, wasibakize hata ndama. Mpaka kufa kwake mzee aliendelea kwenda kusimama pale langoni kila jioni. Waisiko hakuwahi kuwalilia ng'ombe wale. Sasa, na gitaa mapajani, aliwapitisha mmoja mmoja, akajikuta anafuta macho kwa mkono wa shati.

Baada ya hesabu likaja daftari. Mistari sita aliielewa: ni nyuzi sita, na tarakimu juu yake ni mahali pa kubonyeza. Lakini juu ya tarakimu kulikuwa na herufi ndogondogo, na ukurasa wa kwanza kabisa zilisomeka waziwazi: p, i, m, a.

Pima. Kwa mtu wa dhahabu hakuna neno lililo wazi kuliko hilo; kila wiki hulisikia mbele ya mizani. Waisiko alimshukuru Bruda kwa kumwachia wosia kwa Kiswahili, akapima. Kila sauti aliitoa kwa uzito ule ule, isizidi mwenzake hata punje, kwa kidole chochote kilichokuwa karibu. Alipima hivyo wiki sita. Kwenye kaseti muziki ulikuwa unanyesha mvua ya mawe. Kwake ulikuwa unavuja kama paa.

"Baba Matiko," Philomena alimwambia mumewe siku moja akichagua maharage, "hicho unachokipima kitaisha lini?"

"Ni Bruda ameandika. Soma mwenyewe."

Philomena akafuta mikono kwenye kanga, akalichukua daftari. Alisoma kwa utulivu wa mtu asiyekuwa na deni na Bruda. "Hapa ameandika pima. Hapa ameandika ami. Hapa mami. Bruda alikuwa na mami huku?" Akafunua mpaka ukurasa wa mwisho kabisa. Hapo palichorwa mkono wa kulia: p kwenye gumba, i kwenye kidole cha shahada, m kwenye cha kati, a kwenye cha pete. "Haya si maneno, baba. Ni vidole vyako."

Waisiko akaulinganisha ule mkono na wake. Aliona aibu, kisha akacheka mpaka gitaa likatoa sauti lenyewe. Kuanzia siku hiyo kila kidole kikawa na jina lake na kazi yake. Akajifunza pia ile mbinu ya kufungua vidole kwa mfululizo juu ya nyuzi, ambayo Bruda aliiita kufukuza siafu. Masika ilipokatika aliweza kuwapitisha ng'ombe hadi wa kumi bila kujikwaa. Hao wawili wa mwisho ndio waliomshinda. Akifika kumi na moja mkono ulikimbilia mbele, na yule mchechemeaji akabaki nje.

Juni maji yakapungua duarani, watu wakarudi Nyamongo, na Waisiko akarudi kwenye karai lake na kucha zake nne. Asubuhi ya kwanza ilipita salama. Wakati wa chai Ochieng, mponda mawe mwenye macho yasiyopitwa na kitu, akamshika mkono.

"Omera, ndugu yangu, hebu weka hapa tuone. Hizi kucha za upande mmoja ni za kazi gani?"

"Za gitaa."

Watu wakacheka. Ochieng akawataja wapiga gitaa watatu wa Sirari, wote kucha fupi. "Ama wewe uko na gitaa ingine?"

"Ndiyo," Waisiko akasema. "Ni gitaa lingine." Na hapo kicheko kikapoa, maana jibu lilifanana na la mtu anayeficha kitu.

Mama Efrazia akaitwa. Waisiko akamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia marahaba bila kumtazama usoni. Alikuwa anatazama vidole. Hakuuliza swali. Aliagiza karai safi na maji safi, akampa njiti ya kiberiti, akamwambia achokoe kucha zote humo mbele ya watu. Waisiko alifanya upesi, maana moyo wake ulikuwa mweupe. Maji yakatulia. Jua likaingia kwenye karai, na chini kabisa zikang'aa punje tatu, ndogo kuliko sukari.

"Haba na haba, Waisiko," Mama Efrazia akasema. Kibaba akawaachia wengine wakimalizie wenyewe.

Waisiko akainama juu ya karai akazihesabu. Hakuwa ameiba. Lakini dhahabu ilikuwa pale, kila mtu anaiona. "Mama, si mimi. Ni kucha ndizo zilizochukua," akasema, na mwenyewe akasikia jinsi lilivyo neno la kipumbavu.

"Lilete hilo gitaa. Kama kweli linahitaji kucha, tutasikia. Kama ni uongo, uondoke Nyamongo kabla hawa hawajakuondoa."

Akalileta. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, watu wamemzunguka na mapande yao ya mihogo mkononi. Mara ya kwanza alikosea mapema. Akaacha, akakausha mkono kwenye suruali, akafumba macho, akaenda kusimama langoni kwa baba yake. Ng'ombe wakaja. Wa tatu na kengele yake. Wa sita. Akafukuza siafu, wa nane akapita, na wa kumi. Wa kumi na moja akapita kimya, na safari hii Waisiko hakukimbia. Alisubiri. Alisubiri mpaka mtu mmoja akakohoa. Kisha akagonga ubao wa gitaa kwa ukucha wa kidole cha pete, ko.

Hakuna aliyepiga makofi. Ochieng ndiye aliyesema kwanza, taratibu. "Baba yangu alikuwa anapiga nyatiti ya nyuzi nane. Mtu hawezi kujisumbua hivi juu ya kuficha mchanga. Mimi nimekosa, omera."

Mama Efrazia akatikisa kichwa kukubali. "Nasema mbele yenu wote, Waisiko si mwizi. Lakini mimi naweza kukuamini, karai haliwezi. Kesho kucha hizo zitachukua tena." Akatoa wembe kwenye fundo la kanga. "Ukitaka karai, kata. Ukitaka kucha, nenda kwenye kamba ukavute ndoo za mawe."

Kamba ingezivunja zote kabla ya jioni. Hilo hakuna asiyelijua. Waisiko akaupokea wembe. Akakata ya kidole cha pete, ya cha kati, ya cha shahada, na kila moja ilimuuma mahali pasipo na damu. Alipofika kwenye gumba Mama Efrazia akamzuia mkono.

"Hiyo acha. Miaka yote nakuona, gumba lako linakaa juu ya ukingo wa karai. Halijawahi kulowa."

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Waisiko akashukuru. Mama Efrazia naye akaviokota vile vipande vya kucha na kuvisuuza kwenye karai, maana ndivyo alivyo.

Jioni Philomena aliutazama ule mkono kabla hajaambiwa kitu. Alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba chao cha kupanga na ungo wa mchele.

"Imebaki p," Waisiko akamwambia.

Akafungua daftari kwenye ukurasa ambao masika yote aliuruka kwa kuudharau, kwa sababu juu yake hapakuwa na kitu ila p, na p, na p, mpaka chini. Akaanza kuupiga kwa gumba peke yake. Ulikuwa mzito na wa pole, nyuzi nene zikiongea karibu na sakafu. Ng'ombe walikuwa wale wale. Kumi na moja akapita, Waisiko akasubiri, kisha akagonga ubao kwa nyama ya kidole, na sauti ikatoka hafifu, ya mti wa zamani.

Mikono ya Philomena ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Yule mchechemeaji ameingia?"

"Ameingia."

"Basi funga zizi, tule."