Matroni Aliyemfuata Mwali

Matroni wa bweni la wasichana, lile tulilojengewa na serikali hapa Fukayosi watoto wasiache shule kwa umbali, ndiye aliyemrudisha shuleni msichana mmoja kutoka kwenye tanuri la mkaa na mwingine kutoka kwenye posa. Sauti yake ndogo, na akiongea hukunja pindo la khanga kidoleni. Juzi alivua viatu mlangoni kwangu, akaketi mkekani. Alimfuata mjukuu wangu Mwaija, niliyemweka ndani alipovunja ungo.

“Mwali hatoki mpaka afundwe,” nikamwambia.

“Na mtihani haumsubiri mwali, bibi.” Akakunja pindo, akacheka. “Sikukatazi kumfunda. Kungwi si wewe? Basi kila Jumamosi njoo bwenini, umfunde huko huko. Na wenzake uwafunde, maana wao kungwi hawana.”