Mgeni Mmoja tu Nyumbani

Kazini walimsifu Kahambu kwa subira. Alikuwa akiwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kuwatunzia upande wa Koekelberg, huko ughaibuni, na tangu korona ianze alikwisha kuwafumba macho wazee tisa waliofariki. Lakini akifika kwake jioni, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, ile subira ilikuwa imeishia njiani.

Binti yake, Gracieuse, alikuwa na miaka kumi na sita. Siku nyingine alikwenda shuleni, siku nyingine alisomea nyumbani kwa kompyuta, na hizo za nyumbani hakuamka. Alizima kamera, akajifunika blanketi hadi kichwani, mwalimu akabaki anaufundisha mto. Chakula alichoachiwa asubuhi mama yake alikikuta jioni kimekauka sahanini.

Kahambu alihangaika. Shule ilimwambia aandike barua pepe. Akaandika, akajibiwa na mashine. Kituo cha ushauri wa kisaikolojia kwa vijana kikamwambia kwa sauti tamu kwamba orodha ni ndefu, pengine mwezi wa Juni. Nao ulikuwa Februari. Alipokata simu alifoka peke yake jikoni: "Juni! Mutoto wangu ni pantalon ya kufulisha ku pressing, nirudie kumuchukua Juni?"

Tena kulikuwa na Polycarpe, kaka yake. Siku hizo serikali iliruhusu kila nyumba imkaribishe mgeni mmoja tu, yule yule kila mara, na Kahambu alimpa kaka yake nafasi hiyo bila kufikiri mara mbili. Kila Jumapili alikuja, akakalia kiti kizuri, akala, akatoa mashauri.

"Huyu mutoto ni muvivu," alisema Jumapili moja, mdomo umejaa kuku. "Sisi tulikimbia vita, tukalala mu pori. Nani alituletea psychologue? Bon, chomoa ile internet, utaona vile ataamuka."

Mwenyewe Kahambu alishawahi kuwaza hivyo hivyo, na kuyasikia kwa mdomo wa mwingine kulimchukiza. Lakini alikuwa amechoka. Akainuka, akachomoa waya.

Gracieuse alitoka chumbani miguu mitupu. Hakupiga kelele.

"Maman, nilikuwa na Nusura ku simu."

Nusura alikuwa rafiki yake wa darasani, binti wa Kitanzania aliyekaa karibu na Porte de Namur.

"Siku nzima munaongea nini?" Kahambu akauliza.

"Hatuongee. Tunaacha tu simu wazi. Namusikia anafungua kitabu, anakunywa chai. Bila ile, najisikia kama vile siko."

"Cinéma, anaigiza tu," Polycarpe akasema.

Kahambu alimkazia macho binti yake, akaona jinsi shingo ilivyokonda. Akamuuliza waziwazi, kama walivyofundishwa kazini kuwauliza wazee: "Gracieuse, unawaza kujiua?"

"Hapana, maman. Nimechoka tu kuwa hivi." Kisha machozi yakamtoka. "Tuko na haki ya mugeni moja, ukamupa tonton. Hata haukuniuliza."

Kahambu akamgeukia kaka yake. "Yaya, kaka yangu, maliza kula, urudi kwako. Ile nafasi si yako tena."

"Unanifukuza ju ya mutoto?"

"Nakufukuza ju ya serikali. Ilisema muntu moja."

Polycarpe akaondoka na barakoa imemkaa kidevuni, akanuna hadi baada ya Pasaka.

Jumatano akaja Nusura. "Shikamoo, mama," akasema mlangoni, na Kahambu akangoja muujiza. Wasichana wakalala sakafuni, kila mmoja na kipokea sauti kimoja sikioni, wasiseme neno. Ni hii tu? akawaza kwa hasira. Hii ndiyo aliyomfukuzia ndugu wa tumbo moja? Lakini saa kumi Gracieuse akaja kuomba kitana, Nusura akaanza kumfumua nywele zilizokuwa zimeshikamana tangu Noeli, na Kahambu akasikia mtu analalamika "aïe!" kwa sauti yenye uhai.

Hakuacha kukisumbua kituo. Kila siku saa tatu, wakati wa mapumziko, alipiga, mpaka yule dada wa sauti tamu akawa anamtambua kabla hajajitaja. Aprili mtu akajitoa kwenye orodha, nafasi ikapatikana. Mara mbili za kwanza Gracieuse alikaa kimya mbele ya mtaalamu. Mara ya tatu alizungumza. Kahambu alitamani sana kujua alisema nini. Hakuambiwa, na hilo nalo likamuudhi.

Mwaka wa shule ulipotea. "Unaona, ilipita yenyewe," Polycarpe akasema kwa simu mwezi wa Agosti, na Kahambu akamkatia.

Haikuwa imepita. Septemba Gracieuse alirudia darasa pamoja na wanafunzi wadogo kuliko yeye, na asubuhi nyingine bado alikuwa haamki. Hapo Kahambu alisimama nje ya chumba amevaa koti tayari, kachelewa kazini, anagonga na kugombeza, wala hakuondoka mpaka asikie maji yanamwagika bafuni.