Siku Niliyobanwa na Mama Mkwe wa Zege

Sasa hivi nacheka, lakini siku ile ningepata shimo pale Mpanda mjini ningeingia nikajifukia mwenyewe, maana kaptula ilipasuka mbele ya akina mama wa sokoni na mimi niko chini ya chuma nalia kama ndama.

Miaka ile ya tisini tulikuwa na jimu yetu nyuma ya karakana ya Fundi Deo, fundi wa kuchomelea, mtu wa Mishamo. Usifikirie mashine. Ni makopo ya rangi yamejazwa zege, yamechomekwa huku na huku kwenye chuma, na chuma kizito kuliko vyote tulikiita Mama Mkwe (kwa sababu ukimkaribia unainamisha macho). Mtu akinyanyua, wote mnamhesabia kwa sauti, mnapiga makofi, mwingine anagonga bati. Tuliamini bila kelele chuma hakipandi.

Sasa mimi nikamleta Masanja, mtoto wa shangazi, kutoka huko Kasekese kwenye ng'ombe wao. Masanja haongei sana, hakuangalii usoni, kelele zikizidi anaziba masikio na kuchuchumaa, na kabla hajagusa chochote lazima ayapange makopo mstari, dogo mpaka kubwa. Watu wakamwita mgonjwa. Mi sijasoma, lakini nilijua yule si mgonjwa, na aliyemcheka nilimkunja shati, mpaka Fundi Deo akachoka: "Shija, nikiona ugomvi tena hapa, unaondoka na ndugu yako." Na pale ndo sehemu pekee Masanja alikubali kwenda, kila jioni ananisubiri mlangoni kashavaa viatu.

Jumamosi moja Sadiki, utingo wa lori, akaupiga teke mstari wa makopo. "Bwana mpanga makopo, panga tena," anasema. Mkono ukaniwasha. Nikakumbuka maneno ya fundi, basi badala ya kupigana nikaamua (uamuzi mdogo tu jamani) niwazibe midomo kwa kumnyanyua Mama Mkwe. "Nihesabieni," nikasema, "halafu nione nani atamcheka tena ndugu yangu."

Nikalala chali benchini, wakahesabu. Makofi, bati, akina mama wakasimama kwenye uzio na vikapu vyao. Mara ya kwanza kikapanda. Ya pili kikashuka kikakaa kifuani, na nilivyojipinda ili nitoke, kaptula ikasema chwaa. Walicheka mpaka hakuna mwenye nguvu ya kunitoa, hata Fundi Deo kaegemea ukuta, na mimi ndo nazidi kupiga kelele, "Nyie mbwa, nitoeni," pumzi inapungua.

Nikageuza shingo nikamwona Masanja. Kachuchumaa, viganja masikioni, ananiangalia, yeye ambaye hajawahi kuniangalia. Anainuka nusu, napiga kelele, anachuchumaa tena. Nikaelewa. Ili anitoe lazima aachie masikio, na kelele kubwa kuliko zote pale ilikuwa yangu.

Nikanyamaza (mama yangu hajaamini mpaka leo). Nikachomoa mkono mmoja, nikaweka kidole mdomoni. Fundi Deo akaona, akanyoosha mkono, watu wakatulia mmoja mmoja mpaka ukasikia kuku wa jirani.

Masanja akashusha mikono, akaja, akakishika chuma katikati, akakinyanyua taratibu kama mtu anayemfunua blanketi mtoto aliyelala, akakirudisha kwenye nguzo zake. Wiki zote zile kila akitaka kunyanyua tunamfukuza kwa makofi yetu, halafu tunasema hana nguvu. Yeye akaenda zake kupanga makopo. Sadiki, bila kuambiwa, akamsogezea lile dogo la kwanza.

"Masanja anabaki," fundi akasema. "Na akiwa humu tunahesabu kwa vidole. Wewe Shija sijaamua. Kavae kwanza."

Tangu hapo nimeapa simtetei mtu kabla sijamwangalia yeye mwenyewe anataka nini. Na jioni moja niko benchini na kachuma kadogo, jasho limejaa machoni, nikaona kidole kimoja juu yangu, kisha viwili. Masanja ananihesabia. Nilifika vitatu nikashindwa, na si kwa uzito wa chuma.