Ahadi Aliyoweka Mama

Kabla sijajua kusoma nilishaitwa mchungaji. Nilizaliwa mgonjwa, na mama yangu, kule Tongaren, akamwahidi Mungu kwamba nikipona nitakuwa wake. Nikapona. Tangu hapo kanisa zima likaningoja mimbarini. Kwenye sherehe waliniketisha na wachungaji, na siku moja, nikiwa darasa la tatu, wakanipakulia firigisi ya kuku, kipande ambacho kwetu Bungoma ni cha mgeni wa heshima. Wachungaji wenyewe walinikodolea macho. Niliila yote, kisha nikaingiwa na hofu.

Shida ni kwamba mahubiri hayakuwahi kunijia. Nikawa fundi cherehani Tuwan, hapa Kitale, na kazi hiyo naipenda kweli. Lakini kila nikienda nyumbani mama aliniuliza chuo cha Biblia naingia lini, nami nikajibu "mwaka ujao" kama mwanasiasa. Niliogopa mama angezeeka akiwa na deni kwa Mungu kwa ajili yangu.

Alhamisi jioni tunasoma Biblia kwa jirani muuza mboga. Sura husomwa kwa Kiswahili, halafu kila mtu huirudia kwa lugha ya kwao, Kibukusu, Kikuyu, yoyote ile, na ni lazima useme wewe ungekuwa nani humo. Siku hiyo tulisoma habari za mtu wa makaburini aliyetolewa pepo. Alipopona alimsihi Yesu amchukue, Yesu akakataa, akamtuma kwao akawasimulie alivyotendewa. Habari hiyo niliijua tangu utotoni, lakini zamu yangu ilipofika nilikwama. Mtu anaomba utumishi, Bwana mwenyewe anamrudisha kwa majirani zake, na huo ndio utumishi! Nikawakumbuka wateja wangu wanaoleta zipu mbovu, wakakaa wakinimwagia ya moyoni, nikawaombea makasi yakiwa mkononi. Nikasema mimi ni huyo. Nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Jumamosi nikaenda nyumbani, nikamkuta mama akipukuchua mahindi. Nikaketi kumsaidia.

"Mama, mimi sitakuwa pasta. Mungu ameniita, lakini ameniita pale pale kwa cherehani."

Mikono yake ikasimama. "Kwani nani alisema pasta?"

"Si ni wewe uliahidi?"

"Mimi niliambia Mungu huyu mtoto ni wako. Kazi sikutaja. Hiyo ya pasta ni watu wa kanisa waliongeza, wakawa wananiuliza kila Jumapili, ndiyo na mimi nakuuliza. Nilifikiria labda wao ndio wanajua." Akajifuta macho kwa leso huku akicheka. "Na vile wewe unaogopa watu! Nilikuwa naomba, Baba, huyu atasema nini huko mbele?"

Nilijisikia mwepesi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mama akasema tuombe. Hakutaja ahadi hata kidogo. Alishukuru tu kwamba mtoto wake aliishi.