Mtufaha wa Ng'ambo ya Ukuta

Fundi wa mapazia alishonea katika chumba cha juu, chenye dirisha lililotazama ua wa mdogo wake. Wateja aliwaambia amekichagua kwa ajili ya mwanga. Majirani walijua zaidi. Pale juu aliweza kuona mama yao amekaa wapi, anakula nini na anacheka na nani.

Tangu baba yao afariki, mama aliishi kwa yule mdogo, mfamasia, na jambo hilo lilimkaa fundi kooni kama mwiba wa samaki. Yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye mwenye chumba cha ziada, kitanda kipya na pazia la rangi ya maziwa alilolishona kwa ajili ya mtu mmoja tu. Kila alipomwalika, mama alijibu, "Nitakuja, mwanangu. Ngoja kwanza matufaha yaive."

Matufaha hayo ndiyo yaliyomchoma. Mama alizaliwa milimani, kwenye baridi ya kugonganisha meno, na mabinti wote wawili walikuwa wamempandia mti wa kwao. Mfamasia alinunua mche kwa muuza miche wa mtaani, bila makuu. Fundi alisafiri hadi milimani kwenyewe, akarudi na mche uliotokana na mtufaha wa babu, akaupanda kama mtu aliyekwisha shinda kesi. Sasa mti wa mdogo wake ulikuwa unazaa. Wa babu ulitoa majani tu, tena machache na kwa kuchelewa, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Akamwita muuza miche. Yule bwana alikuta mabonge ya barafu, yale ya kuhifadhia samaki, yamelundikwa shinani.

"Dada, unautibu mti au unauzika?"

"Si ulisema unataka baridi?"

"Baridi inatakiwa na vichipukizi huko juu, siyo na miguu. Tena siyo ya asubuhi moja. Mti wa milimani unataka wiki nyingi za baridi, ulale usingizi hasa, ndipo uamke na maua. Hapa pwani tunavaa sweta leo, kesho tunajipepea."

"Na ule wa ng'ambo?"

"Ule ni aina nyingine. Usingizi wake mwepesi, baridi kidogo inautosha."

"Kwa hiyo wake una akili kuliko wangu."

"Mimi nauza miche, dada. Mambo ya ndugu siuzi."

Mavuno yalipofika, mama alimletea bakuli la matufaha. Fundi alikula moja akiwa amesimama. Lilikuwa tamu, na hilo ndilo aliloshindwa kusamehe.

Wiki iliyofuata mfamasia alimpeleka mama kliniki ya macho. "Utuangalizie nyumba, dada," alisema, akamwachia funguo. Fundi akaingia uani. Chini ya mtufaha kulikuwa na kiti cha mama, na mgongoni mwa kiti shali iliyochukua umbo la mabega yake. Alianza kwa kuchuma jani moja. Likafuata la pili, kisha tawi zima. Mti usio na majani hufa, aliwaza, na mti ukifa mama hatakuwa na cha kungojea. Mpaka wanarudi, mtufaha ulikuwa mtupu kama fagio.

"Wadudu," alisema, akipangusa mikono. "Nimekuta wameuvamia, nikaona heri nichume majani yote."

"Ahsante, dada. Mimi nisingeona." Mfamasia alishukuru kwa moyo mweupe, na hilo nalo likamuudhi.

Hazikupita wiki nyingi, siku moja fundi alifungua dirisha akapigwa na butwaa. Ule mti aliodhani ameuua ulikuwa umefunikwa na maua, meupe yenye wekundu kidogo, kuliko mwaka wowote. Muuza miche alipita akacheka.

"Nani kawafundisha? Mti kama ule ukiuchuma majani baada ya mavuno, kabla haujalala, unadanganyika. Unadhani baridi imekuja na kupita."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Saa hiyohiyo fundi alishuka akauvua mti wa babu, jani kwa jani, akasubiri. Ukatoa majani tu, ua hata moja hakuna.

Kisha, asubuhi moja, mama alisimama mlangoni na begi. Moyo wa fundi uliruka. Alitangulia kumwonyesha kitanda kipya, lakini mama alikipita, akapanda ngazi polepole hadi chumba cha kushonea, akaketi dirishani.

"Kwa mdogo wako naona shina tu," alisema. "Kutoka hapa naona maua yote."

"Nami nilidhani umenifuata mimi."

"Nimekufuata wewe. Maua ni nyongeza. Hata hayo ni kazi ya mkono wako, mdogo wako kaniambia." Akaweka begi chini. "Lakini wadudu wale, mwanangu, mimi sikumwona hata mmoja."

Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu, sindano ikakimbia hadi mwisho wa pindo. Mama alingoja, mikono mapajani, mpaka mashine iliponyamaza.

"Sasa sogeza hicho kitambaa," alisema. "Kinanizibia maua."

Fundi akakisogeza.