Jembe la Bibi Kwenye Ukungu

Mimi siogopi kusema nilichofanya. Yule mzuka wa migombani, ambao nusu ya Lushoto inauogopa mpaka leo, niliutunga mimi, mchana kweupe, nikichambua viazi sokoni.

Mjomba alitaka kuuza kipande cha shamba la bibi. Mji umekua ukakizunguka: upande wa juu kuna msikiti mpya, upande wa chini kanisa la maombezi la turubai, na vipaza sauti vyao vinashindana toka alfajiri. Mnunuzi alitaka kujenga gesti. Kaburi la bibi limo humo, kati ya migomba, na mjomba akasema mifupa itahamishwa kwa heshima. Heshima gani hiyo? Mama yangu alilia siku tatu, kisha akanyamaza, kwa sababu mjomba ndiye kaka mkubwa. Mimi sikunyamaza.

Nikawaambia wenzangu sokoni kwamba asubuhi, ukungu ukishuka, jembe la bibi linasikika likilima na mtu haonekani. Basi, sikuongeza neno. Wiki haikuisha, dereva wa bodaboda akawa ameliona jembe lenyewe, na fundi uashi akaapa kwamba ameitwa kwa jina. Shehe akasema ni jini. Mchungaji wa turubai akasema ni pepo, akaja na waumini wake kulikemea. Mjomba, ambaye tofauti na mama yeye ni mzee wa kanisa la Kilutheri, alisema ni upuuzi mtupu, lakini naye akaacha kukatiza pale. Mnunuzi akaingia mitini. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Asubuhi moja nilikuwa naenda sokoni, ukungu umetanda, huoni hatua tano mbele. Nikamkuta mama amekaa kwenye jiwe kando ya kaburi, kajitanda khanga mbili, pembeni yake chupa ya chai na vikombe viwili.

“Shikamoo mama. Unafanya nini na baridi yote hii?”

“Marahaba. Nakuja kila siku nikishaswali,” akasema. “Mji mzima umemsikia mama yangu. Hata wapita njia wamemsikia. Mimi niliyemuuguza mpaka mwisho, simsikii. Nilimkosea nini?”

Nikisema kweli, mama hawezi kumficha kaka yake, na gesti itarudi. Nikinyamaza, ataendelea kukaa kwenye baridi akiomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Nikamwambia yote, kuanzia kwenye viazi.

Hakunigombeza, na niliumia zaidi kwa kutogombezwa. Aliigeukia migomba.

“Kwa hiyo hajamwita mtu yeyote,” akasema.

“Hajamwita mtu, mama. Hakukubagua wewe.”

Akafungua chupa ya chai. Akakijaza kile kikombe cha pili, ambacho kila siku alikuwa akikirudisha nyumbani kikavu, akanipa mimi.

“Kunywa. Ukimaliza, twende kwa kaka yangu. Wewe utamwambia ulichofanya. Na mimi leo nitamwambia sitaki.”

Nikainywa haraka, ikaniunguza ulimi.