Hodi kwenye Nyumba ya Vioo

Sikulazimishi uniamini, lakini niliyaona kwa macho yangu haya mawili, mchana kweupe, na sikuwa na homa wala njaa.

Nafanya kazi za nyumbani Jeddah, mtaa wa Nuzha. Bustanini kuna mabaki ya nyumba ya vioo, ambayo marehemu baba yake bosi aliijenga kwa ajili ya maua baada ya kuona kama hiyo Uingereza. Ilibomolewa zamani. Umebaki ukuta wa matofali unaonifika magotini, vyuma vyenye kutu, na kizingiti cha jiwe kisicho na mlango. Humo nilipanda sukuma wiki, maana miaka miwili bila sukuma si mchezo, jamani!

Zikawa zinanyauka tu. Bosi akaja, akazitazama, akacheka.

"Mafi faida," yaani hazina faida. " Wiki ijayo namwaga zege, naegesha gari. Halas, basi."

Niliumia sana. Katika nchi hii nzima, pale tu ndipo nilipopaita pangu.

Kesho yake, wote wamelala baada ya chakula cha mchana, nikaruka ukuta na ndoo yangu ya maji. Nikamkuta bibi mmoja kachuchumaa, mikono imejaa udongo.

"Mwanangu, kwenu hampigi hodi?"

Kiswahili cha Unguja kabisa, si hiki changu cha Kakamega! Nilifurahi mpaka nikasahau kujiuliza ameingiaje na geti limefungwa. Wewe ungekumbuka? Nikatoka, nikasimama kizingitini, nikapiga hodi.

"Karibu. Rudisha mlango, ubaridi usitoke."

Nikasukuma hewa. Haki ya Mungu, nilishika kitasa! Ubaridi ukanijaa mwilini, na jua la Jeddah linawaka palepale juu. Bibi akashindilia udongo kwenye kila mche, taratibu. Nilipoinamia ndoo na kuinuka, hayupo. Udongo ulikuwa umelowa chepechepe, na ndoo yangu bado imejaa.

Wiki ilipokwisha, mboga zilikuwa zimesimama. Madam, mke wa bosi, akazionja, akaomba tena, na zege likasahaulika. Ndiye aliyeniambia kuwa mtunza maua wa zamani alikuwa mama wa Unguja, aliyefariki kabla vioo havijavunjwa.

Sasa napiga hodi kila siku, na nimetulia kweli. Madam alikuwa akinicheka. Juzi alinifuata kuchuma mboga, akarudi ndani haraka. Jioni akaniuliza, "Karibu maana yake nini?" Mimi neno hilo sijawahi kumtamkia.

Kwa hiyo ukikuta kizingiti, hata kama nyumba haipo, usiruke ukuta. Piga hodi, usubiri uitikiwe.